Watu Milioni Ngapi? Kuitafiti Hotuba Kabla ya Kupanda Jukwaani

Mada kwa semina ya walimu wa Kiswahili na maofisa utamaduni wanaoandaa hotuba na risala za Siku ya Kiswahili Duniani



Naomba nianze na maadhimisho ya tarehe 7 Julai niliyohudhuria miaka michache iliyopita, chini ya maturubai, kwenye uwanja wa shule moja ya sekondari. Walimu walisoma risala, nayo ikasema Kiswahili kinazungumzwa na watu milioni 150. Mgeni rasmi aliposimama, hotuba yake ilisema milioni 200. Mshereheshaji akamshukuru, kisha akatukumbusha kwamba lugha yetu sasa ina wazungumzaji nusu bilioni. Zilikuwa takwimu tatu ndani ya saa moja, na pale meza kuu hakuna aliyeuliza.

Risala ile niliiandika mimi. Jioni, tulipokuwa tunakusanya viti, alinijia mwanafunzi wa kidato cha tatu. Alinisalimia, akanyoosha daftari lake. Alikuwa ameziandika namba zote tatu, moja chini ya nyingine. "Mwalimu, kwenye insha tuandike ipi?" Sikuwa na jibu. Milioni 150 yangu niliinakili kutoka risala ya mwaka uliotangulia, na sikuwahi kujiuliza mwandishi wa risala hiyo aliitoa wapi. Nilikuwa nimepanda mbele ya watoto mia kadhaa kuwafundisha jambo nisilolijua.

Tangu jioni ile naandika hotuba kwa kanuni moja, na ndiyo niliyokuja kuitetea leo: msemaji asiseme zaidi ya alichokifuatilia, na pale ufuatiliaji wake ulipokomea, awaambie wasikilizaji kwamba hapo ndipo alipokomea. Sauti nzuri tunayo, methali tunazo, salamu tunazijua. Kinachotuangusha ni kazi ya wiki mbili kabla ya jukwaa, na kazi hiyo nataka kuionyesha kwa kufuata sentensi moja tu.

Safari ya sentensi moja

Sentensi yenyewe tunaijua sote: "Kiswahili kinazungumzwa na watu zaidi ya milioni 200 duniani."

Swali la kwanza ni nani kasema. Hili halitusumbui. Ni UNESCO. Mkutano wake Mkuu wa 41, uliofanyika Paris, ulipitisha tarehe 23 Novemba 2021 azimio la kuifanya 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na maelezo ya shirika hilo kuhusu siku hii hutaja wazungumzaji zaidi ya milioni 200. Wengi wetu tungeweka nukta hapa. Tumepata shirika kubwa, tunataka nini tena?

Tunataka kujua namba imepatikanaje. UNESCO haikupita nyumba kwa nyumba. Tuchukue kalamu, basi, tuone kama milioni 200 inafikika. Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu 47,564,296. Jumla yake ni milioni 109 na ushee. Na hapo nimemhesabu kila mtu, kuanzia kichanga ambaye hajatamka neno hadi bibi wa kijijini asiyetoka nje ya lugha ya kwao. Ili nifike milioni 200 nahitaji wengine milioni 90 kutoka Kongo, Uganda, Rwanda, Burundi, kaskazini ya Msumbiji, Omani na kwa ndugu zetu walioko Ulaya na Amerika. Ni kweli sensa hizo zina umri sasa, na watu wameongezeka: Tanzania peke yake, kati ya 2012 na 2022, iliongezeka kwa wastani wa asilimia 3.2 kila mwaka. Lakini bado pengo ni pana.

Kongo ndipo penye uzito. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa kule, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba, na ndicho lugha ya masoko na mitaa kuanzia Bukavu na Goma hadi Lubumbashi. Mtu akiniambia wazungumzaji wa Kongo ni makumi ya mamilioni, sibishani naye. Nikimuuliza ni makumi mangapi, hana pa kunipeleka, kwa sababu Kongo ilifanya sensa mara ya mwisho mwaka 1984. Mtoto aliyezaliwa usiku wa sensa ile sasa ni mtu mzima wa miaka zaidi ya arobaini, huenda ana watoto wake mwenyewe, na hao hawajawahi kuhesabiwa na sensa yoyote ya nchi yao. Kila idadi ya wazungumzaji wa Kiswahili duniani, iwe kubwa iwe ndogo, ndani yake ina kisio la Kongo.

Uganda nayo ina ugumu wake. Sensa ya 2024 ilihesabu watu milioni 45 na zaidi, na baraza la mawaziri liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022. Lakini lugha kuwa rasmi ni jambo moja, na watu kuizungumza ni jambo jingine. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na hakuna anayedai kwamba asubuhi iliyofuata Wanyarwanda wote waliamka wakikisema.

Hapo tunafika kwenye swali ambalo kwangu ndilo mzizi wa yote: mzungumzaji ni nani? Mzee wa Lamu aliyenyonya Kiamu pamoja na maziwa ya mama ni mzungumzaji. Mtoto wa Sumbawanga anayezungumza Kifipa nyumbani na kukutana na Kiswahili darasa la kwanza, naye ni mzungumzaji, ingawa kwa njia nyingine. Mfanyabiashara wa Kampala anayejua bei, salamu na kupatana, je? Ukimweka ndani, idadi inapanda. Ukimweka nje, inashuka. Ndiyo maana Ethnologue, chapisho linaloorodhesha lugha za dunia, limekuwa likitoa idadi isiyofika milioni 100, wakati UNESCO inasema zaidi ya 200. Moja ni zaidi ya mara mbili ya nyingine, na vyanzo vyote viwili ni vya kuheshimika.

Sensa zetu wenyewe hazitusaidii kama tunavyodhani. Dodoso la sensa ya Tanzania ya 2012 liliuliza nani anajua kusoma na kuandika, na kwa lugha gani, Kiswahili kikiwemo. Hilo ni swali la kusoma. Anayezungumza bila kusoma yumo miongoni mwetu, na wale wanaokisoma kwa shida hawalingani na wale wanaokiota usiku. Mtu akichukua takwimu ya kusoma na kuandika akaigeuza kuwa takwimu ya kuzungumza, ameichukua namba ya kweli akaifanya iseme uongo. Hili nimeliona katika risala nyingi, na naamini waandishi wake hawakuwa na nia mbaya.

Tazameni pia dai moja linavyoegemea jingine. Tunapenda kusema Kiswahili ni miongoni mwa lugha kumi zinazozungumzwa zaidi duniani. Dai hilo limebebwa na ile milioni 200. Ukikubali hesabu ya Ethnologue, linaanguka. Kwa hiyo msemaji anayetaja madai yote mawili kana kwamba ni ushahidi wa aina mbili, kwa hakika ana ushahidi mmoja alioutaja mara mbili.

Baada ya safari hiyo, niandike nini? Risala ya mwaka uliofuata niliiandika hivi: "UNESCO inakadiria kwamba wanaozungumza Kiswahili wanazidi milioni mia mbili. Wapo wanaokadiria chini ya nusu ya hapo, kwa sababu hakuna aliyewahi kutuhesabu. Lakini Tanzania na Kenya pekee, katika sensa zao, zilikuwa na watu zaidi ya milioni mia moja, na katika nchi hizo mbili ni vigumu kumpata kijana asiyekielewa."

Baadhi ya wenzangu kwenye kamati walisema sentensi hizi zimepunguza makali, kwamba watu wanakuja kusherehekea na sisi tunawaletea mashaka. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Nilisimama kwenye uwanja uleule na nikaona watu wakigeuzana kutazamana pale niliposema hakuna aliyewahi kutuhesabu. Hilo lilikuwa jambo jipya kwao. Ile milioni 200 wameisikia kila mwaka na imekwisha ladha.

Tarehe, na maneno yanayofanana

Makosa mengine si ya namba. Ni ya neno moja kukaa mahali pa jingine.

Husemwa kwamba UNESCO ilitangaza siku hii tarehe 7 Julai. Azimio ni la Novemba. Tarehe 7 Julai ilichaguliwa kwa sababu ina historia ya kwetu: ndiyo siku TANU ilipozaliwa, mwaka 1954, na chama hicho kiliipeleka siasa yake mikoani kwa Kiswahili. Watanzania walikuwa wakiiita Sabasaba miaka mingi kabla ya Paris kuijua.

Husemwa pia kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya Umoja wa Mataifa. Sivyo. Lugha rasmi za Umoja wa Mataifa ni sita: Kiarabu, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kihispania. Baraza Kuu liliitambua Siku ya Kiswahili mwaka 2024, na kutambua siku si kuifanya lugha kuwa rasmi. Pale ambapo Kiswahili kina hadhi hiyo, tupataje kwa majina: SADC, kuanzia mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Dar es Salaam Agosti 2019, Umoja wa Afrika, uliokipitisha kuwa lugha ya kazi Februari 2022, na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba wa Jumuiya wa 1999 ulikiacha Kiswahili kama lugha ya mawasiliano ya kuendelezwa, huku Kiingereza kikiwa ndicho rasmi. Safari kutoka 1999 hadi 2022 ni habari nzuri kuliko uzushi kuhusu Umoja wa Mataifa, na ina tarehe ambazo mtu anaweza kuzikagua.

Kuna tukio ninalolipenda kuliko takwimu zote hizi. Julai 2004, Addis Ababa, Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji, akikabidhi uenyekiti wa Umoja wa Afrika, aliwahutubia viongozi wenzake kwa Kiswahili. Alikijua kwa kuishi Tanzania wakati FRELIMO ikipigania uhuru. Wakalimani hawakuwa wamejiandaa. Hapo una mtu, mahali, mwaka na sababu. Mwanafunzi akienda kuhakiki atalikuta. Na msikilizaji aliyesahau kila namba uliyotaja atarudi nyumbani na picha ya ukumbi mzima uliopigwa na mshangao.

Wakubwa tunaowasemea

Kuhusu nukuu nitasema kwa ufupi, kwa kuwa dawa yake ni fupi. Maneno mengi yanazunguka kwenye simu zetu yakiwa na picha ya Mwalimu Nyerere au jina la Shaaban Robert chini yake. Mengine ni yao. Mengine ni ya mtu aliyetaka maneno yake yasikilizwe. Kabla ya kuyaweka kwenye hotuba, jibu maswali mawili: aliyasema wapi, lini? Mwalimu hakuwa mtu wa kutafutwa gizani. Kuna Tujisahihishe, kijitabu cha 1962. Kuna Ujamaa, tena kuna Binadamu na Maendeleo. Kuna sauti zake zilizohifadhiwa redioni. Ukikosa mahali na mwaka, liseme wazo hilo kwa maneno yako na kwa jina lako. Kumtilia marehemu maneno kinywani ni kumkosea adabu, hata kama maneno yenyewe ni mazuri.

Brutus na joho lenye damu

Kwa kuwa nimemtaja Mwalimu, nataka turudi kwenye kazi yake nyingine, tafsiri ya Juliasi Kaizari, ambayo baadhi yetu tumeifundisha. Toleo la kwanza lilitoka 1963. Katika tamthilia hiyo Shakespeare ameweka hotuba mbili mbele ya umati mmoja, juu ya maiti moja, na kwangu mimi hakuna somo bora la hotuba na ushahidi.

Brutus anasimama kwanza. Ni mtu mwenye heshima na anaitegemea hiyo. Anawaambia Warumi kwamba amemuua rafiki yake Kaizari kwa sababu alikuwa na tamaa ya ukubwa, na anawataka wamwamini kwa ajili ya heshima yake. Haleti mfano hata mmoja wa tamaa hiyo. Watu wanamshangilia. Kisha anafanya kosa la pili: anaondoka kabla mwenzake, Antony, hajasema.

Antony anakuja na vitu. Anakumbusha kwamba Kaizari alijaza hazina ya umma kwa fedha za kuwakomboa mateka, na kwamba alikataa taji mara tatu mbele ya macho ya watu haohao. Anawaonyesha joho na kila tundu la kisu. Ana wosia mkononi. Umati unageuka, na kilichowageuza ni kwamba walipewa mambo wanayoweza kuyaona na kuyakumbuka wenyewe. Msemaji anayetegemea cheo chake na asilete ushahidi ana umri wa dakika chache, mpaka atakaposimama mwingine mwenye ushahidi.

Lakini nisingekuwa mwalimu mwaminifu kama ningeishia hapo. Muda mfupi baada ya hotuba hiyo umati unamuua mshairi asiye na hatia kwa sababu tu jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji. Na katika sehemu ya nne Antony huyohuyo anaagiza wosia uletwe ili watafute namna ya kupunguza kile ambacho watu walirithishwa. Ushahidi wake ulikuwa wa kweli, na yeye hakuwa wa kweli. Utafiti unaweza kumfanya mtu aaminiwe bila kustahili. Ndiyo maana nasisitiza ile sehemu ya pili ya kanuni yangu, ya kuwaambia wasikilizaji pale tulipokomea. Antony hakuwahi kuwaambia Warumi ni nini asichokijua.

Kutoka daftarini hadi kinywani

Ninavyofanya kazi ni hivi. Nina daftari lenye safu mbili. Kushoto naandika kila dai la hotuba, sentensi kwa sentensi. Kulia naandika nimelitoa wapi: ripoti gani, ukurasa gani, mtu gani, siku gani. Siku tatu kabla ya hotuba napitia upande wa kulia. Penye nafasi tupu, dai linatoka, au linapunguzwa mpaka kufikia kiasi ninachoweza kukibeba. Ninapomwandikia mgeni rasmi, nakala ya daftari hilo inakwenda pamoja na hotuba, kwa sababu atakayeulizwa na waandishi wa habari ni yeye. Kumpa mtu maneno bila chanzo chake ni kumtuma sokoni na fedha usiyoihakiki.

Si kila chanzo ni kitabu. Ukitaka kusema hali ya vitabu vya Kiswahili shuleni, ingia maktaba ya shule hiyo, hesabu kwa kidole, muulize mwalimu anayetunza ufunguo ni lini vitabu vilinunuliwa mara ya mwisho. Idadi uliyoihesabu asubuhi hiyo, kwenye shule ambayo wazazi wake wamekaa mbele yako, ina nguvu kuliko takwimu ya dunia nzima. Na aliyekupa habari muombe ruhusa kabla ya kumtaja.

Kisha kuna sikio. Hesabu za Kiswahili ni ndefu mdomoni. Mwaka 1954 ukiusoma kamili, "elfu moja mia tisa hamsini na nne", umemaliza pumzi. Ukiweka miaka mitano ya namna hiyo katika aya moja, umewapoteza watu. Mimi huacha miwili au mitatu, na penye ruhusa ya muktadha nasema "mwaka hamsini na nne". Tena kuna utata ambao wengi hawauoni mpaka umewadhuru. "Elfu arobaini na tano" mmoja ataandika 45,000 na mwingine 40,005. Sema "arobaini na tano elfu" na kila mtu ataandika kitu kimoja. Ile 61,741,120 isomeke "karibu milioni sitini na mbili", na nakala kamili ibaki mezani kwa anayetaka kuikagua. Kwenye karatasi ya kusomea, andika namba kwa maneno, kwa herufi kubwa, na hakikisha namba haikatiki ukurasa unapoisha. Nimemwona mgeni rasmi akisimama katikati ya namba, akigeuza karatasi mbili kwa pamoja, na ule muda wa kuitafuta uliiua hoja iliyokuwa imejengwa vizuri.

Soma hotuba kwa sauti mbele ya mtu asiyehusika. Mwombe akukatize kila anapotaka kuuliza "umejuaje?" Mimi nilimwomba yule mwanafunzi wa kidato cha tatu, wakati huo akiwa kidato cha nne. Alinikatiza mara kumi na moja. Saba nilikuwa na jibu daftarini. Nne zilitoka.

Ndugu mwenyekiti, naomba muda uliobaki tuutumie kwa kazi. Kila kundi litapewa hotuba ya kurasa mbili ambayo nimeiandika kwa makusudi ya zoezi hili, yenye madai kumi na mawili. Meza ya mbele kuna ripoti ya sensa, kamusi, mikataba ya Jumuiya na nakala za Juliasi Kaizari. Simu zinaruhusiwa, ila atakayetumia simu aandike jina la ukurasa alioufungua na tarehe. Tukutane hapa saa tisa na nusu, na kila kundi lituambie madai mangapi yamebaki, na lile lililowasumbua kuliko yote limewafikisha wapi.